Waya Uliopita Singida

Vijana wengi ninaokutana nao hapa Singida wanaamini kwamba mawasiliano yaliletwa na makampuni ya simu za mkononi. Siwashangai. Tangu wapate akili wameona minara, mabango ya vifurushi na vibanda vya mawakala wa kutuma pesa, kwa hiyo ukiwauliza nani aliyeleta intaneti watakutajia majina ya biashara. Wapo pia wazee wenzangu wanaodai kinyume chake, kwamba kila kitu ni kazi ya serikali na makampuni yalikuja kuvuna tu. Mimi nilifanya kazi ya simu katika mkoa huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi nilipostaafu. Nimepanda nguzo, nimeshika waya wa shaba, na miaka yangu ya mwisho kazini nikashika uzi wa faiba. Kwa niliyoyaona, kauli zote mbili zina upungufu, na upungufu huo unatugharimu mpaka leo.

Nilipoajiriwa, Shirika la Posta na Simu Tanzania lilikuwa changa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo likavunjika shirika la posta na simu la nchi tatu, ambalo makao yake makuu yalikuwa Kampala. Kila nchi ikabaki na nguzo zilizosimama kwenye ardhi yake. Kabla hatujakaa sawa ikaja Vita ya Kagera, na baada ya vita fedha za kigeni zikaadimika kabisa. Watu wasioijua miaka ile hudhani simu zilikuwa chache kwa sababu ya uvivu wa watumishi wa umma. Simu zilikuwa chache kwa sababu kila kifaa, kuanzia waya mpaka kile kidude kidogo cha kaboni ndani ya mkono wa simu, kilinunuliwa ng'ambo kwa dola, na dola hiyo hiyo iligombewa na dawa, mafuta na vipuri vya matrekta. Hata katikati ya miaka ya 1990 nchi nzima haikuwa na simu nne kwa kila watu 1,000.

Njia yetu kubwa ilikuwa ile ya Manyoni. Pale ndipo waya za Singida zilipokutana na zile zilizofuata Reli ya Kati. Mtu akitaka kuzungumza na Dar es Salaam alifika posta, akajaza fomu, akakaa kwenye benchi. Ndani, opereta alikuwa mbele ya ubao wenye matundu na kamba za plagi. Aliita Manyoni, Manyoni akaita Dodoma, Dodoma akatafuta nafasi ya kwenda Dar es Salaam. Saa mbili zikipita bila jibu halikuwa jambo la ajabu. Mama mmoja aliyefanya zamu za usiku miaka mingi aliwatambua wateja wake kwa sauti, na mtu akianza kulia kabla hajasema anampigia nani, yeye alikwisha kujua ni msiba wa nyumba gani. Wengi hawakuweza hata gharama ya kuzungumza. Walituma simu ya maandishi, iliyolipiwa kwa neno, na kwa hiyo habari ya mgonjwa ilikuja na maneno manne au matano tu: mama mahututi, njoo haraka.

Kazi ya njia ilikuwa ngumu kwa namna ambayo wasafiri wa barabara ya lami hawawezi kuiona. Singida ni nchi ya mawe. Mahali pengine unapima nguzo isimame hapa, unachimba futi moja, sururu inagonga mwamba. Ukihamisha nguzo, waya unapinda na unahitaji kamba ya kuivutia pembeni. Mchwa walikula nguzo kuanzia chini, na kwa macho huwezi kujua; unaigonga kwa nyundo, ukisikia sauti ya utupu, huipandi. Upepo wa mkoa huu, huu huu ambao sasa wawekezaji wanautamani kwa ajili ya umeme, ulizisokota waya mbili zikagusana, na hapo mazungumzo ya watu wawili wa Dodoma yaliingia katikati ya mazungumzo ya watu wawili wa Kiomboi. Tulitembea na baiskeli, simu ya majaribio begani, tukipanda kila baada ya nguzo kadhaa kusikiliza kama sauti bado ipo.

Nalitaja pia jambo ambalo limesahaulika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Mradi wa kuziweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikuwa umeleta hasara na fujo, na viongozi wakaona bora fedha za kigeni ziende kwingine. Marufuku ile ililegezwa kidogo kidogo na haikuisha mpaka miaka ya 1990. Naelewa kwa nini nchi maskini iliamua hivyo. Lakini sisi mafundi tuliilipia, maana wenzetu wa nchi jirani walianza kujifunza mitambo ya kidijiti tukiwa bado tunasafisha plagi kwa kitambaa na spiriti.

Mabadiliko yalikuja kwa sheria kabla hayajaja kwa mitambo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 iliunda Tume ya Mawasiliano ya kusimamia sekta, na Shirika la Posta na Simu likagawanywa: barua zikaenda kwa Shirika la Posta, simu zikaja kwa kampuni mpya ya TTCL, iliyoanza mwaka 1994. Mwaka huo huo Mobitel ikaanza huduma ya kwanza ya simu za mkononi Dar es Salaam. Mpaka hapo serikali ilikuwa ndiyo mchimbaji, mwenye waya, mpanga bei na hakimu wa malalamiko. Kuanzia hapo kazi hizo zikaanza kutenganishwa, na naamini huo ndio uliokuwa uamuzi mkubwa kuliko yote, ingawa hakuna aliyeusherehekea Singida. Sisi tuliona tu kwamba nembo ya kwenye magari imebadilika.

Makampuni yalifuata watu wenye pesa, kama biashara yoyote. Yalianza na Dar es Salaam, yakaenda Arusha na Mwanza, yakafuata barabara kuu. Singida ilisubiri miaka. Minara ilipofika mjini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, foleni ya wanaotaka simu ya mezani ilikufa yenyewe. Mtu aliyekuwa na barua ya maombi ndani ya sanduku tangu ujana wake alinunua laini dukani asubuhi na jioni akampigia mwanawe. Nilifurahi kwa ajili yao. Wengine kazini walinuna, wakaona shaba yao imedharauliwa, lakini mimi sikuweza kumwambia mama wa Ilongero kwamba angoje nguzo yangu.

Ila mnara wa mjini una mpaka wake. Vijijini watu walijua jiwe lipi linashika mtandao. Kulikuwa na jiwe moja kubwa njia ya kwenda Mtinko ambalo jioni lilijaa watu, wazee kwa vijana, kila mmoja amegeukia upande wake na simu sikioni. Mgonjwa akizidiwa usiku, kijana alitumwa kwenye jiwe kwa tochi. Makampuni yaliyajua mawe hayo, na yalikuwa na hesabu zao: mnara unahitaji jenereta, dizeli, mlinzi na barabara ya kufikia, na vocha za kijiji kizima hazilipi dizeli. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Ndipo unapoona kwamba hesabu sahihi ya mfanyabiashara inaweza kumwacha mtu juu ya jiwe maisha yake yote, kama hakuna mwingine mwenye hesabu ya aina nyingine.

Upande wa intaneti tulikuwa nyuma zaidi. Mpaka mwaka 2009 Tanzania haikuwa na waya wowote wa baharini wa faiba. Kila kitu kilipita kwenye dishi, kikapanda hadi setelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, kikashuka Ulaya au Marekani, na jibu likarudi njia ile ile. Uwezo ambao leo simu moja ya mkononi inautumia kutazama video uligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, wazazi walijaa kwenye intaneti kafe ya mjini, ukurasa mmoja ukafunguka kwa dakika kumi, na mwenye kafe akatoza kwa dakika. Hakuwa mwizi. Naye alitozwa hivyo hivyo.

Tarehe 23 Julai 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua waya wa SEACOM Dar es Salaam, mradi wa wawekezaji binafsi. Mwaka uliofuata ukaja EASSy, ambao makampuni ya simu ya nchi nyingi za Afrika, TTCL ikiwamo, yalichanga kuujenga. Sasa angalia ramani. Waya umefika ufukweni. Kutoka ufukweni mpaka Singida kuna Morogoro, kuna Dodoma, kuna nyika ya Manyoni. Nani atachimba? Kila kampuni ilikuwa na mawimbi yake ya redio kutoka mnara hadi mnara, yanatosha kwa sauti, na hakuna hata moja iliyokuwa na haraka ya kufukia mamilioni ya dola kwenye udongo wa Kintinku.

Serikali ilichimba. Ilikopa kwa masharti nafuu kutoka Benki ya Exim ya China, ikaipa kazi kampuni ya Kichina ya CITCC, na mwaka 2009 Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Mradi uligharimu takriban dola milioni 170. Ulipokamilika awamu ya pili mwaka 2012, urefu wake ulikuwa kilomita 7,560, ukiwa umefika mipakani: Namanga na Sirari kwa Kenya, Mutukula kwa Uganda, Rusumo kwa Rwanda, Kabanga kwa Burundi, Tunduma kwa Zambia. Sehemu nyingine haikuchimbwa kabisa, maana TANESCO ilikuwa na nyuzi za faiba ndani ya ule waya wa juu kabisa wa nguzo zake kubwa za umeme, na zikaunganishwa. Singida ikawa njia panda: upande mmoja Manyoni na Dodoma, mwingine Babati na Arusha, mwingine Shelui, Nzega na Kanda ya Ziwa. TTCL ilikabidhiwa kuuendesha kwa niaba ya serikali.

Wakati mtaro unapita kwetu nilikuwa mtu wa makamo, na wakubwa walinituma kuonyesha zilipo nyaya zetu za zamani zisikatwe. Nilikaa na wale watu muda mrefu. Vibarua walikuwa vijana wa vijiji vya kando ya barabara, wanalipwa kwa mita. Penye udongo mtu alimaliza sehemu yake mapema akaenda shambani. Penye mwamba, kama kwenye miteremko ya Sekenke, walipasua kwa siku nyingi, na pale ambapo kina kilichotakiwa hakikupatikana, bomba lilifunikwa kwa zege. Mhandisi mmoja wa Kichina, kijana mwembamba aliyejifunza kusema "bado, bado, chimba", alishuka mwenyewe ndani ya mtaro na fimbo ya kupimia. Penye udongo, mtaro usiofika mita moja na ushee hakuupokea.

Bomba la plastiki lililala kwanza, tupu. Baadaye waliingiza kebo kwa kuisukuma na upepo wa kompresa, na mimi niliyezoea kuvuta waya kwa bega nilisimama nikatazama kebo ikikimbia ardhini yenyewe hadi chemba inayofuata. Lakini kilichonikamata moyo kilikuwa kuunganisha. Fundi aliingia kwenye gari, akafunga vioo vyote kwa sababu ya vumbi na upepo wetu, akavua ganda la uzi mpaka ukabaki uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Akaufuta kwa spiriti, akaukata kwa kisu maalumu, akauweka kwenye kimashine kidogo ukitazamana na mwenzake. Cheche moja, nyuzi mbili zikawa moja. Kioo cha mashine kikaandika kiasi cha mwanga utakaopotea pale. Kama kilikuwa kikubwa, alikata na kuanza upya, bila kulalamika. Alinipa nijaribu. Mkono wangu ulizoea koleo na bisibisi, nikavunja nyuzi kadhaa, kisha moja ikakubali. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na siku ile nilijiona kama mwanafunzi tena.

Shaba ikikatika, fundi anatembea na sikio lake. Faiba ikikatika, unakaa ofisini, unatuma mwanga kutoka kwenye kipimo, unahesabu muda wa mwanga kurudi, na kipimo kinakuambia imekatika kilomita kadhaa na mita kadhaa kutoka hapa. Lakini bado lazima mtu aende, achimbe, aunganishe. Usiku mmoja mkandarasi wa barabara alikata kebo kwa kijiko cha katapila, na mara moja benki za mji zikasimama, mawakala wakafunga, na simu za malalamiko zikaanza kuingia kutoka mikoa ya mbali ambayo watu wake hawajawahi kukanyaga Singida. Tulifika na taa za gari. Yule dereva wa katapila alikuwa amekaa chini na kichwa mikononi, maana hakuna aliyemwonyesha ramani. Tulimaliza alfajiri.

Mkongo ukiwa tayari, yakaja mabishano ambayo wengi hawakuyasikia. Waya wa serikali usio na mteja ni deni tupu, na benki ya nje inataka kulipwa. Makampuni nayo yalitaka bei ya kupita ishuke na uhakika kwamba kebo ikikatika itarekebishwa haraka. Walivutana, lakini walikutana, kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine hakuwa nacho. Serikali ilikuwa na mtaro mrefu. Makampuni yalikuwa na minara, wateja na mtindo wa kuuza kwa senti ndogo ndogo, vocha ya mia tano, kifurushi cha siku, kitu ambacho shirika la umma la zama zangu lisingeweza kukibuni. Huduma ya kutuma pesa kwa simu, M-Pesa, ilianza nchini mwaka 2008, na nakiri kwa moyo mweupe kwamba hakuna ofisa wa serikali aliyekaa akawaza kumfanya muuza vitunguu wa Singida apokee malipo ya mteja wa Dar es Salaam kwenye kiganja. Hilo ni la wafanyabiashara na tuwape.

Ila kwenda Mkalama au ndani ya Itigi hakuna aliyejipeleka kwa hiari. Hapo ndipo ninapousifu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuanza kazi mwaka 2009. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Makampuni huchangia sehemu ya mapato yao, serikali na wafadhili huongeza, Mfuko hutaja kata zisizo na mawasiliano, kisha makampuni hushindana kuomba ruzuku. Mwenye kuomba kidogo zaidi anajenga mnara. Kwa njia hiyo hesabu ya dizeli isiyolipa inapata kitu cha kuijazia. Mwaka 2015 ilikuja Halotel, ya kampuni ya Viettel ya Vietnam, ikiwa na makubaliano na serikali ya kufika vijijini, na badala ya kuchimba kila mahali ilitundika faiba kwenye nguzo za zege kando ya barabara. Nilizitazama nguzo zile kwa furaha ya fundi wa zamani. Zege hailiwi na mchwa.

Mwaka 2016 serikali ilinunua tena asilimia 35 ya hisa za TTCL, ambazo wawekezaji wa nje walikuwa wamezishika tangu 2001, na mwaka 2018 kampuni ikawa shirika la umma. Wapo waliosema tumerudi nyuma. Mimi nasema mtaro mkuu wa taifa lazima uwe mkononi mwa umma, kwa sababu ndio unaobeba hospitali, mahakama, benki na simu za washindani wote kwa pamoja, na mshindani mmoja akiumiliki wengine watabanwa. Lakini umma nao usitamani kuuza vocha peke yake. Tulishajaribu. Tulibaki na benchi la posta.

Mei 2023, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za mikoa 26, fedha za umma zikiungana na za makampuni. Ni habari njema, na lile jiwe la njia ya Mtinko sasa linakaliwa na mbuzi tu.

Kilichobaki kinaniuma, kwa hiyo nakitaja waziwazi. Kebo inayobeba mawasiliano ya nchi nyingine inapita hatua chache kutoka kwenye madirisha ya shule zetu za kando ya barabara kuu, na humo ndani mwalimu ananunua kifurushi kwa mshahara wake ili awaonyeshe watoto picha ya moyo wa binadamu. Mtaro ulichimbwa na baba zao na kaka zao. Kutoa tawi kutoka chemba iliyo jirani mpaka shuleni au kwenye zahanati hakuhitaji mkopo wa China. Kunahitaji halmashauri iliyoandika kwenye bajeti, shirika lililo tayari kufungua chemba na kampuni iliyo tayari kupunguza bei kwa darasa. Madiwani wa Manyoni, Ikungi na Iramba, mnapokaa kwenye bajeti ijayo, ulizeni kebo inapita wapi katika kata zenu na shule gani iko karibu nayo. Na ninyi mnaopanua barabara, ombeni ramani kabla ya kushusha kijiko. Mafundi wa zamani tuko hai, na mitaro tunaikumbuka.